Darasa Asilolitaka Mtu

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kujitolea sikufundisha hata neno moja. Nilikwenda Rabai, chati zangu nimezikunja ndani ya mkeka mkuukuu zisipigwe na mvua, andalio la somo nimeliandika kwa mwandiko wangu bora, na koo nimelilainisha kwa tangawizi tangu alfajiri. Nilikuwa nimestaafu si siku nyingi, baada ya kufundisha madarasa ya chini mjini Malindi na kisha kuwanoa walimu wanafunzi chuoni, na nilijiona bado nina nguvu. Mwalimu mkuu akanipokea langoni. Wanafunzi wote wakatolewa madarasani, wakapangwa mistari juani, wakaimba wimbo wa kumkaribisha mgeni, ubeti baada ya ubeti, na kila ubeti jina langu likakosewa kwa namna mpya.

Nikaketishwa kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa cha kufuma, mbele yangu meza ya soda na maandazi. Naibu wa mwalimu mkuu akazungumza. Mwakilishi wa wazazi akazungumza. Mtu mmoja ambaye hata leo sijui alikuwa nani akazungumza kuliko wote. Kila nikinyanyuka kuuliza darasa la kwanza liko wapi, mwalimu mkuu alinirudisha kitini kwa heshima.

"Taratibu, Bi Saumu. Mgeni hafanyi kazi siku ya kwanza. Mgeni apumzike."

"Mimi si mgeni, mwalimu. Nimekuja kufanya kazi."

"Ni kweli. Lakini bado u mgeni."

Nilirudi Malindi jioni, tumbo limejaa soda na chati hazijafunguliwa. Dada yangu aliponiuliza kazi ilikuwaje, nilimwambia nimefundishwa kukaa.

Nawaandikia haya ninyi vijana mnaotaka kuingia kazi ya kuwafunza walimu kwa kujitolea, kwa sababu naona mnapewa fulana, mnapigwa picha, na hamwambiwi kitu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mkufunzi, yaani mwalimu wa walimu, haingii darasani akaanza kutoa makosa. Anakaa nyuma kwenye dawati la mtoto, magoti yakikaribia kidevu, akatazama. Na yeye hamtazami mwalimu. Anawatazama watoto, ajue nani macho yako kitabuni na nani anahesabu mabati ya paa. Kipindi kikiisha anakaa na mwalimu faraghani, amwulize kwanza yeye mwenyewe aliona nini. Baadaye ndipo huja somo la mfano, ambapo mkufunzi anafundisha darasa lilelile naye mwalimu anakaa nyuma. Ukiyafanya haya kwa utaratibu, mwalimu hubadilika. Tatizo ni kwamba hapakuwa na mahali palipokuachia kuyafanya kwa utaratibu.

Walimu walikuwa na somo la mgeni. Kila shule ilikuwa nalo. Ukifika tu, mwalimu analitoa kama sahani za kabatini: watoto wamekwisha kulijua, majibu wamekwisha kuyakariri, na wanyoosha mikono ni walewale watatu wa mbele. Mwalimu anasoma mstari, darasa zima linaurudia kwa pamoja, mpaka mabati yanatetemeka. Kisha linakuja swali ambalo mpaka leo likitajwa nyongo hunipanda. "Tumeelewa?" Watoto wote, "Ndiyoooo!" Nani amewahi kuona mtoto wa miaka sita akisema la, mwalimu, sijaelewa, rudia? Siku moja nilimfungulia mtoto ukurasa wa samaki, akanisomea habari za kuku za ukurasa wa nyuma yake, hadi mwisho, bila kukosea, huku anatazama dirishani. Mwalimu wake akapiga makofi.

Wakubwa zangu walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Afisa wa Elimu wa kaunti ndogo, bwana mnene mpole, ambaye nilipompelekea barua ya kujitambulisha aliisoma, akavua miwani, akanitazama kwa huruma.

"Bi Saumu, wewe hulipwi na mtu."

"Silipwi."

"Basi siwezi kukuamrisha wala kukuadhibu. Kwa hiyo nakuomba tu usinivurugie."

Wa pili alikuwa Mratibu wa shirika lililotukusanya sisi wastaafu. Kijana mwenye adabu, lakini kila akinipigia simu alikuwa anataka kitu alichokiita hadithi ya mafanikio. Nikimwambia nimekuta mwalimu hajaandika maazimio ya kazi, yaani mpango wa muhula mzima, anajibu, "Sawa, Madamu, na kitu kizuri je?" Nikimwambia watoto hawajui sauti za herufi, anauliza kama kuna picha. Wallahi, nilikuwa nikizima simu ninapovuka Kilifi.

Baada ya Rabai nilipangiwa shule moja upande wa Kuruwitu, watoto wa wavuvi na wapasua mawe. Huko nilidhani nimepata ahueni, maana vitabu vipya vilikuwa vimefika, vimetosha, vinanukia wino. Lakini darasani watoto walikuwa wakichangia vile vya zamani vilivyokatika majalada. Vipya vilikuwa stoo, kufuli mlangoni, na ufunguo mfukoni mwa mwalimu mkuu.

"Wakivishika vitachafuka," akaniambia.

"Na visiposhikwa?"

"Vitabaki visafi."

"Hadi lini?"

"Hadi waje wakaguzi, wavione."

Nikachukua kigoda nikaketi mlangoni pa stoo. Nikasema sitoki hapo mpaka ufunguo utoke. Walimu wakapita, wakanisalimu shikamoo, nikaitika marahaba, wakaenda zao. Adhuhuri mwalimu mkuu akaona haya, akafungua. Tukavigawa vitabu siku ile kwa shangwe. Muhula uliofuata niliporudi, vilikuwa vimekusanywa, vimefutwa vumbi, vimefungiwa tena.

Basi nilipopelekwa bara ya Ganze moyo wangu ulikuwa umekwisha kuchoka, na nilikwenda kwa kujikaza kisabuni. Huko ndiko nilikomkuta Mwalimu Kadzo.

Alikuwa binti wa kijiji hichohicho, amemaliza sekondari, anaomba nafasi ya chuo kila mwaka, hajaipata. Serikali haikumwajiri. Aliajiriwa na wazazi, na wazazi walikuwa na uwezo wa kumtoa siku yoyote kwa kunyoosha mikono tu mkutanoni. Alipewa darasa la kwanza, au gredi ya kwanza kama mnavyosema siku hizi, kwa sababu ndiyo desturi ya shule zetu. Mwalimu mgeni, mwalimu mjamzito, mwalimu aliyemuudhi mkubwa, hao hupelekwa kwa wadogo. Wenye vyeti na uzoefu hupewa watahiniwa wa darasa la sita. Nimeisema desturi hii mpaka midomo ikakauka, kwamba mtoto asiyejua kusoma darasa la kwanza hawezi kuokolewa na mwalimu hodari wa darasa la sita. Watu hukubali kwa kichwa, wakapanga ratiba vilevile.

Darasa la Kadzo lilikuwa kimya. Sisemi kimya cha adabu. Watoto walikuwa wamekaa kama watu waliokosea harusi. Kadzo alikuwa akifundisha kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza, kama mwalimu mkuu alivyoamuru, akauliza, akajijibu mwenyewe, akaendelea. Kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakatoka mlangoni, na hapo hapo kelele zikafumuka. Walikuwa wakibishana, wakicheka, wakishitakiana, wakisimuliana, yote kwa Kigiriama.

Mimi ni mtu wa Malindi mjini. Kiswahili nimezaliwa nacho, na Kigiriama changu huwachekesha hata wauza kuku. Lakini jambo lile halikuhitaji ujuzi mkubwa kuliona. Mwongozo wa mtaala unaruhusu madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, yaani ile isemwayo na watu wa pale shule ilipo. Umeandikwa, umechapishwa, umesambazwa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeusoma.

"Wewe nyumbani wasema lugha gani?" nilimuuliza Kadzo tulipokaa wawili.

"Kigiriama, mwalimu."

"Na hawa watoto?"

"Kigiriama vilevile."

"Basi mbona darasani mwajifanya wageni, mwanangu?"

Akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Akaniambia anaogopa. Shule ile ilikuwa na kibao, kipande cha mti kilichotobolewa na kupitishwa kamba ya katani. Mtoto wa madarasa ya juu akisikika akisema Kigiriama, anavishwa shingoni, naye humvizia mwenzake ateleze ili amvishe yeye. Atakayekuwa nacho jioni anakiona cha mtema kuni. Kadzo mwenyewe alikivaa utotoni, katika shule ileile.

Tulianza siku iliyofuata. Badala ya tufaha na treni za kwenye chati, ambazo watoto wale hawajawahi kuzila wala kuzipanda, tulichukua maneno ya kwao. Sauti ya kwanza tuliichukua kwenye madzi, ambayo ni maji, na matsere, ambayo ni mahindi, na mbuzi, ambaye kila mtu anamjua. Kadzo akauliza nani ametumwa madzi asubuhi ile. Mikono yote juu. Mmoja akasimulia ndoo ilivyomwagika, mwingine akabisha kwamba hakuwapo, darasa zima likaingia katika ubishi, na Kadzo katikati yao anacheka, anaandika ubaoni, anawauliza neno hilo linaanza na sauti gani. Mimi nyuma kule nilisahau magoti yangu. Muhula haukwisha ila watoto walikuwa wakiunganisha silabi wenyewe na kusoma maneno ambayo hakuna aliyewafundisha. Sijawahi kuwa na furaha kama ile kazini, na ndiyo iliyonifanya nikasirike sana kwa yaliyofuata.

Nilimwomba mwalimu mkuu mambo mawili. Moja, darasa la kwanza liendelee kwa Kigiriama, na Kiswahili kiingie polepole. Pili, kibao kitoke. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwepesi wa kutii, na hilo ndilo lililokuwa balaa lake. Aliandika kila neno, akasema, "Nimeelewa." Nikaenda zangu Malindi kwa wiki mbili. Niliporudi alikuwa ananingojea langoni, uso umemeremeta.

"Bi Saumu, tumetekeleza! Darasa la kwanza sasa ni Kigiriama tupu. Atakayeponyokwa na Kiswahili, anavaa."

"Anavaa nini?"

"Kibao."

"Lahaula! Mwalimu, nilikwambia kibao kitoke!"

"Kimetoka. Kimetoka madarasa ya juu."

Nilikwenda darasani karibu mbio. Kwenye dawati la mwisho alikuwa ameketi mtoto wa kike, machozi na kamasi vimechanganyika, kibao kimemfika tumboni. Alikuwa amelelewa Mariakani, mji wa malori na wasafiri wa kila kabila, na Kiswahili ndicho alichokizoea kinywani. Kosa lake lilikuwa kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Kadzo alikuwa amesimama ubaoni. Alisema mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kumvisha, akamwonya asikitoe. Nilikivua kibao kile nikakitupa dirishani, na sijui nilisema maneno gani, maana watoto walinitazama kwa heshima kubwa.

Bahati mbaya haiji peke yake katika shule zetu. Mtoto yule alikuwa mjukuu wa mwenyekiti wa wazazi.

Mwenyekiti alikuja kesho yake asubuhi. Mzee mfupi, kofia imekaa sawasawa, hasira imekaa sawasawa vilevile. Alikuwa na haki ya kukasirika, na ningesimama upande wake. Lakini alimpitia mwalimu mkuu kwanza, na mwalimu mkuu, aliyemvisha mtoto kibao kwa mkono wake, akamwambia kwamba mambo ya Kigiriama yaliletwa na Mwalimu Kadzo na mgeni wake wa Malindi. Mwenyekiti akaitisha mkutano wa wazazi. Ajenda ilikuwa moja, mwalimu wa darasa la kwanza atolewe.

"Kwa nini ulisema hivyo?" nilimuuliza mwalimu mkuu ofisini.

"Nilisema kweli. Lugha ilianzia kwake."

"Na kibao?"

"Kibao ni cha shule, Bi Saumu. Hakina mwenyewe."

Nilimkuta Kadzo anafagia darasa, ingawa haikuwa zamu ya mtu kufagia. Akaniambia bila kuniangalia, "Mwalimu, wakinitoa hapa sina pengine pa kusimama mbele ya watoto. Nitarudi nyumbani nikakae. Na hawa ndiyo kwanza wameanza kunijibu." Mtu wa kujitolea hana meno. Afisa wa Elimu nilimpigia, akaniambia mwalimu wa wazazi ni mambo ya wazazi. Mratibu nilimpigia, akauliza kama mkutano huo ungefaa kupigwa picha.

Siku ya mkutano wazazi walijaa darasani, wamejibana kwenye madawati ya watoto, kina mama wenye vitoto mgongoni wamesimama ukutani. Walimu wenye vyeti waliketi mstari mmoja kando ya mwalimu mkuu. Mwenyekiti akasimama.

"Kigiriama mtoto ajua kabla hajajua kutembea," alisema. "Hata mbuzi zangu wajua, nikiwaita waja. Mimi namleta mtoto shule apate asichokuwa nacho nyumbani. Majirani zetu wapeleka watoto wao akademi, warudi wasema Kiingereza. Wetu warudi wasema madzi! Na anayejua Kiswahili avikwa mti shingoni kama ng'ombe mkorofi! Nauliza, ni elimu hiyo?"

"Si elimu!" wakajibu watu, na mimi mwenyewe karibu nijibu nao. Mwalimu mkuu alikuwa anachunguza kucha zake.

Nikainuka nikaanza kueleza mwongozo wa mtaala. Nilieleza vizuri, nadhani, kwa Kiswahili changu cha mjini chenye urefu na upana, na kila nilivyoendelea niliona macho ya watu yakififia. Mama mmoja akapiga mwayo. Kadzo akanivuta nguo kwa nyuma, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kaa." Nikakaa.

Akaomba ruhusa kwa mwenyekiti. Akasema watoto wake wako nje, wasiingie kwanza. Wazazi wamnong'oneze neno lolote wanalotaka, yeye ataliandika ubaoni bila kulitamka, kisha ataitwa mtoto mmoja aje alisome. Watu wakaguna, lakini huo ulikuwa mchezo, na nani hapendi mchezo? Mama mmoja akanong'ona. Kadzo akaandika. Akaingia mtoto wa kwanza, akasimama mbele ya ubao, akanyoosha shingo, akasoma polepole, "Wa-ri. Wari." Ugali. Watu wakacheka. Akaja wa pili, akapewa hawe, yaani bibi, akasoma. Wa tatu akakwama, akarudi nyuma, akaanza tena, akapata. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Baba mmoja wa dawati la mbele alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, maana yule wa tatu alikuwa wake.

Mwenyekiti akasema hayo ni maneno ya kwao, wameyakariri. Akamwendea Kadzo mwenyewe, akamnong'oneza neno la Kiswahili, tena refu. Kadzo akaliandika. Akaingia msichana mdogo, kichwa amenyolewa, nguo ya shule imemzidi. Akalitazama lile neno kwa muda. "Mwe," akasema. "Mwe-nye. Mwe-nye-ki. Mwe-nye-ki-ti." Akalisema tena kwa haraka, kisha akageuka akamtazama mzee, akacheka.

Hapakuwa na haja ya mimi kueleza tena. Mtoto akishajua herufi zinavyofanya kazi katika lugha yake, huenda nazo popote. Wazazi walipiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele, na mwenyekiti, nampa haki yake, akavua kofia. Nilishusha pumzi. Nilifikiri yamekwisha.

Mwenyekiti akainua mkono watu wanyamaze.

"Mimi nimekosea juu ya mwalimu huyu," alisema. "Huyu ni mwalimu kweli kweli. Na mwalimu namna hii mbona apotezwa kwa watoto wadogo? Nasema apandishwe! Apewe darasa la sita!"

"Apandishwe!" wakajibu wote. Mwalimu mkuu, aliyekuwa hasikiki mkutano mzima, sasa akasimama, akasema yeye daima aliuona uwezo wa Madamu Kadzo, na ratiba itabadilishwa kuanzia Januari.

Nilisimama nikasema la. Sikusema kwa utaratibu. Niliwaambia wanafanya kama mtu apataye dawa akaimwaga kwa kuwa imemponya. Niliwaambia wadogo ndio shule yenyewe. Niliwaambia mengi. Mwenyekiti akaningoja nimalize, akasema kwa upole, "Bibi, tunakushukuru. Lakini watoto si wako." Nikaketi, maana ni kweli hawakuwa wangu.

Ndipo Kadzo akazungumza. Alikuwa bado ameshika chaki. "Nashukuru, wazee wangu. Lakini siendi."

"Wakataa heshima?" akauliza mwalimu mkuu.

"Sikatai. Nauliza tu. Wale wa Januari watafundishwa na nani?"

Mwalimu mkuu akageukia mstari wa walimu wake. Mmoja akatazama viatu. Wa pili akatoa simu akaisoma kama iliyoingia habari ya msiba. Wa tatu, mwanamume mwenye cheti kizuri cha chuo, akasema wazi kwamba yeye hakusomea kupangusa makamasi. Mama mmoja aliyesimama ukutani, mtoto mgongoni na mwingine amemshika nguo, akasema, "Huyu wangu aingia Januari. Mimi nataka huyuhuyu." Mwingine akasema na wangu. Na mwingine.

Mwenyekiti akawatazama kina mama, akawatazama walimu, akavaa kofia yake.

"Basi abaki kuko huko," alisema. "Maana hakuna mwingine awatakaye."

Watu wakacheka, wakapiga makofi, sala ikasomwa, mkutano ukafungwa. Hivyo ndivyo tulivyoshinda. Si kwa mwongozo, si kwa watoto wale waliosoma mbele ya macho yao. Tulishinda kwa sababu darasa lile ni jalala la walimu, na mtu hagombei jalala.

Kadzo alinisindikiza hadi barabarani penye bodaboda. Mimi nilikuwa nasema njia nzima. Nilisema nitamwandikia Afisa, nitamwita Mratibu aje na kamera zake zote, nitalipeleka jambo lile Kilifi, makao makuu ya kaunti, litajulikana. Kadzo alikuwa amenibebea mkoba. Tulipofika barabarani akanipa mkoba wangu.

"Mwalimu, nakuomba usiseme," akaniambia. "Wakijua darasa hili lina thamani, watampa mwenye cheti."

Nilimtazama binti yule nikatafuta kosa katika maneno yake. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, kutafuta kosa ndiyo kazi yangu, na sikuliona. Nilipanda bodaboda, na hasira niliyokwenda nayo siku ile haijaniisha.

Sasa nimestaafu kwa mara ya pili. Magoti yamekataa madawati ya watoto. Nakaa Malindi, nawafundisha wajukuu wa dada yangu kusoma, na ndugu zangu wananiambia nimekuwa mkali kuliko nilipokuwa kazini. Vijana wanaotaka kujitolea hunijia kuuliza kazi ile inalipa nini moyoni. Nawaambia kweli, kwamba utafundisha mambo kumi likashika moja, na hilo moja utakuta limeshika kwa sababu ya kijinga usiyoitaka. Wengine hawarudi. Wanaorudi nawapa chati zangu.

Mratibu amepanda cheo, lakini bado hunipigia. Mwezi uliopita alisema anatayarisha kitabu cha shirika, chenye picha za rangi, na amesikia fununu ya shule moja huko bara ambako watoto wa darasa la kwanza wanasoma vizuri ajabu. Akataka jina la shule na la mwalimu. Ningelikuwa na hadithi moja tu ya mafanikio ya kumpa kijana yule aliyeniganda miaka yote, ni hiyo.

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi ni mzee. Nimesahau."

Juzi Kadzo naye alinipigia. Chuo bado hajapata. Watoto hawajambo. Ratiba ya mwaka mpya imetoka, akaniambia kwa furaha, na mwaka huu tena hakuna mwalimu aliyeomba darasa lake. Nikamwambia alhamdulillahi, nikakata simu upesi, asije akanisikia nalia kwa hasira.